Utafiti mpya wa sukari na homoni kwenye foleni ya Jumatatu: mwongozo kwa wahudumu wa kanda ya ziwa

Mwongozo huu ni wa nesi, afisa wa kliniki na daktari anayeendesha kliniki ya sukari na presha Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega au hata Nakuru, pale ambapo wagonjwa huanza kupanga foleni alfajiri na kila mmoja huambulia dakika chache tu. Msimamo wangu niuweke wazi mapema: utafiti wa miaka ya karibuni hautawafaa watu wetu kwanza kupitia sindano za kupunguza uzito zinazosifiwa kila kona. Utawafaa kwa kutusaidia kusoma vipimo vizuri, kupanga upya dawa ambazo tayari ziko kabatini, na kutambua ni lini mgonjwa aliyeketi mbele yetu hafanani na wale waliochunguzwa.

Kama wewe ni mgonjwa na umeufikia ukurasa huu, soma uelewe, lakini usiongeze wala kupunguza dawa peke yako. Nenda nao kliniki uulize.

Hatua ya 1: Uliza waliochunguzwa ni akina nani

Kabla ya kutazama matokeo, tafuta jedwali linaloeleza washiriki: umri, uzito, hali ya figo, dawa walizokuwa wakimeza tayari. Mfano mzuri ni utafiti wa DiRECT wa Uingereza. Watu wenye kisukari cha aina ya 2 walipewa chakula cha kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 yao hawakuwa na kisukari tena bila dawa yoyote, ilhali waliobaki na matibabu ya kawaida ni asilimia 4 tu. Habari tamu. Ila walioingia walikuwa na uzito uliozidi, ugonjwa ulikuwa haujafikisha miaka sita, na hakuna aliyekuwa kwenye insulini. Mama mnene wa Kondele aliyegunduliwa mwaka jana anafanana nao. Mzee mwembamba wa Bondo anayejidunga insulini mwaka wa kumi hafanani nao hata kidogo, na ukimpunguzia chakula kwa kiasi hicho sukari inaweza kushuka mno na kumwangusha.

Jambo la pili ni asilimia zinazotangazwa. Utafiti wa DAPA-CKD wa 2020 ulionyesha kuwa dapagliflozini, kidonge kinachotoa sukari kwa mkojo, ilipunguza hatari ya figo kuzorota au mgonjwa kufariki kwa figo au moyo kwa asilimia 39. Geuza namba hiyo iwe ya watu: kwa takriban miaka miwili na nusu, madhara hayo yaliwapata watu 14.5 katika kila 100 waliomeza kidonge kisicho na dawa, na 9.2 katika kila 100 waliomeza dawa yenyewe. Maana yake, ukiwatibu watu 19 wa aina ile kwa muda huo, unamwokoa mmoja. Hiyo ni dawa nzuri sana. Lakini "mmoja kati ya 19" ndiyo namba ya kumweleza mgonjwa anayelipa kwa pesa ya kuuza omena, ili aamue mwenyewe.

Hatua ya 2: Kabla ya kulaumu mgonjwa, kagua kipimo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kanda ya ziwa inapotofautiana zaidi na kwingine.

HbA1c, ambayo wagonjwa huiita kipimo cha miezi mitatu, hupima sukari iliyoganda kwenye hemoglobini. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na muda wote huo inaokota sukari. Chochote kinachofupisha maisha ya chembe hiyo hushusha jibu, hata kama sukari iko juu. Sasa hesabu vitu vinavyoifupisha: ugonjwa wa selimundu, malaria, upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Kuongezewa damu nako huvuruga jibu. Vyote hivyo tunavyo, kuanzia Busia hadi Migori. Kwa upande mwingine, upungufu wa madini ya chuma, ambao ni wa kawaida kwa akina mama wenye hedhi nzito, huweza kulipandisha jibu bila sukari kupanda.

Tafiti mbili zilizochapishwa 2017 zililitilia jambo hili namba. Ya kwanza iliwatazama Wamarekani weusi wanaobeba kijeni kimoja tu cha selimundu, watu wasio na dalili zozote. HbA1c yao ilisoma pungufu kwa takriban pointi 0.3 ikilinganishwa na wenzao wenye sukari ileile. Ya pili iligundua kuwa aina ya G6PD inayopatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee hushusha HbA1c ya wanaume kwa takriban pointi 0.8. Mwanamume wa namna hiyo anaweza kupewa jibu la 6.0 na kurudi nyumbani akishukuru Mungu, kumbe ana kisukari kamili.

Fanya hivi. Muulize mgonjwa kama yeye, ndugu yake au mtoto wake amewahi kuambiwa ana selimundu, kama ameongezewa damu katika miezi mitatu iliyopita, kama ametibiwa malaria karibuni, na kama ni mjamzito. Kisha linganisha HbA1c na sukari ya kidole. HbA1c ya asilimia 7 inalingana na wastani wa sukari wa 8.6 (milimoli kwa lita, kama namba zote za sukari humu), ya 8 ni 10.2, ya 9 ni 11.8. Mgonjwa ambaye sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ni 11 na 12 kila mara, halafu maabara inaleta HbA1c ya 6.4, wewe amini kidole. Andika juu ya kadi yake kwa herufi kubwa: HBA1C SI YA KUAMINIWA, TUMIA SUKARI YA ASUBUHI. Usipoandika, mwenzako atakayeshika zamu mwezi ujao atampunguzia dawa.

Kwa kugundua ugonjwa kwa mtu wa aina hii, rudi kwenye njia ya zamani: sukari ya 7.0 au zaidi akiwa hajala, ipimwe siku mbili tofauti, au 11.1 au zaidi wakati wowote akiwa na kiu, kukojoa sana na kupungua mwili.

Kidole nacho kina ujanja wake. Damu ikiwa pungufu sana, mashine nyingi za kidole husoma sukari juu kuliko ilivyo. Na msimu wa maembe, mtu akitoka kula na kunyoosha kidole bila kunawa, utapima embe. Maji na sabuni kwanza.

Hatua ya 3: Dawa zote mezani, zikiwemo zisizotoka kwako

Mwambie kila mgonjwa aje na mfuko wa dawa zake zote: za hospitali, za duka, za mganga, za sokoni. Halafu tafuta haya.

*Dolutegraviri na metfomini.* Katika kaunti zinazozunguka ziwa, wagonjwa wengi wa sukari wako pia kwenye ARV, na mara nyingi kliniki hizo mbili hazisemezani. Dolutegraviri, mojawapo ya ARV hizo, huziba njia ambazo figo hutumia kutoa metfomini, dawa ya sukari, hivyo metfomini hujaa mwilini. Kiasi chake kwenye damu huongezeka kwa karibu asilimia 80. Kwa hiyo mgonjwa anayemeza zote mbili asizidi miligramu 1000 za metfomini kwa siku. Ukimkuta kwenye 2000, punguza leo. Kama sukari bado iko juu, ongeza dawa ya aina nyingine.

Dolutegraviri hiyohiyo hupandisha kreatinini, taka ya damu inayotumika kupima figo, kidogo bila kuumiza figo, kwa kuwa huziba njia inayoitoa kreatinini pia. Kreatinini iliyopanda kidogo wiki chache baada ya kuanza dolutegraviri kisha ikatulia, isikutishe. Inayoendelea kupanda, tafuta sababu. Tena, kutoka Uganda ziliripotiwa kesi za sukari kupanda ghafla baada ya watu kuhamishiwa dolutegraviri. Mwenye umri zaidi ya miaka 40, mwenye presha au uzito mkubwa, mpime sukari kabla ya kuanza na tena ndani ya miezi mitatu. Usimwachishe ARV, wasiliana na wenzako wa kliniki hiyo. Na maswali haya usiyaulize mbele ya mkaza mwana aliyemsindikiza. Mwombe mama abaki peke yake kidogo, kwa kisingizio cha kupima uzito ikibidi.

*Steroidi zilizojificha.* Krimu za kung'arisha ngozi, vidonge vya "kunenepa", na dawa za maumivu ya viungo zinazouzwa bila lebo zinaweza kuwa na deksamethasoni au jamaa zake. Sukari iliyopanda ghafla kwa mtu mwenye uso wa mviringo, ngozi nyembamba na michirizi ya zambarau tumboni, ishuku. Lakini usimwambie aache siku hiyohiyo. Mtu aliyetumia steroidi kwa zaidi ya wiki 3 hadi 4, tezi zake za juu ya figo huenda zimelala. Akikatiza ghafla anaweza kutapika, presha ikaanguka, sukari nayo ikashuka vibaya. Mhamishie prednisoloni ya kipimo kinachojulikana, ipunguzwe polepole chini ya uangalizi wa hospitali.

*Glibenklamaidi kwa wazee.* Kwa aliyevuka miaka 60, Shirika la Afya Duniani halipendekezi dawa hii ya kushusha sukari. Gliklazaidi ni salama zaidi. Na kama mgonjwa ameanza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, jua kuwa nguvu ya glibenklamaidi itapungua, kisha itarudi rifampisini ikiisha. Hapo kwenye kurudi ndipo watu huanguka.

*Metfomini ya miaka mingi.* Ganzi ya miguu isiandikwe "sukari" moja kwa moja. Metfomini hupunguza vitamini B12, na upungufu huo huleta ganzi ileile. Huo unatibika.

Hatua ya 4: Figo na presha, siku ileile

Pima protini kwenye mkojo kwa kila mwenye kisukari, angalau mara moja kwa mwaka. Kijiti cha mkojo ni afadhali kuliko kutopima. Penye uwezo, tumia kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini. Mwenye protini anahitaji dawa ya kulinda figo, kama perindoprili, na juu yake, kama inapatikana, dapagliflozini au empagliflozini. Kundi hili liliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu 2021, na faida zake kwa figo na moyo haziishii kwa wenye kisukari.

Masharti yake yaeleze kwa maisha ya huku. Dawa hizi hutoa sukari kwa mkojo, kwa hiyo fangasi sehemu za siri hutokea. Mwambie mapema asije akadhani ni ugonjwa wa zinaa na nyumba ikavunjika. Asimeze siku anayotapika, anayeharisha au asiyekula. Kwa hiyo muulize kuhusu mfungo. Kuna makanisa yenye maombi ya siku tatu bila chakula, na mgonjwa hatakuambia usipomuuliza. Kufunga akiwa na dawa hii kunaweza kuleta tindikali ya ketoni (asidi inayojaa kwenye damu mwili unapochoma mafuta) huku sukari ikionekana ya kawaida, na hapo mashine ya kidole itakudanganya. Mwenye kisukari cha aina ya 1 usimpe kabisa.

Kwa presha tuna ushahidi wa nyumbani. Utafiti wa CREOLE wa 2019 ulifanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Amlodipini ikichanganywa na haidroklorothiazaidi, au na perindoprili, ilishusha presha kuliko perindoprili na haidroklorothiazaidi bila amlodipini. Basi kwa wengi wetu, amlodipini iwe kwenye jozi ya kwanza. Na mwenye kisukari na protini kwenye mkojo, mwenzake awe perindoprili au dawa ya kundi lake, kwa ajili ya figo. Kwa mjamzito, au anayetarajia kupata mimba, kundi la perindoprili halifai.

Hatua ya 5: Insulini bila friji

Mara ngapi mgonjwa amekataa insulini kwa sababu hana friji? Utafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa 2021, ulianza na joto lililopimwa kwenye nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, hapahapa Kenya. Maabara iliiga joto hilo, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na baada ya wiki nne insulini ilikuwa imepoteza nguvu kwa asilimia 1 au chini. Joto la kawaida la Kisumu halizidi hapo.

Kwa vitendo: mpe chupa za mwezi mmoja, za ziada zibaki kwenye friji ya kituo. Nyumbani aziweke ndani ya mfuko mkavu, kwenye chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati pakiwa na mchanga wenye unyevu, kivulini. Asiweke juu ya kabati chini ya mabati, wala kwenye friji ya jirani inayogandisha: insulini iliyoganda hutupwa. Tarehe ya kuanza chupa iandikwe kwenye lebo.

Kabla ya kuongeza dozi, mguse mahali anapodunga. Ukikuta uvimbe laini, anadunga palepale kila siku na insulini haifyonzwi sawasawa. Mhamishe upande mwingine, na upunguze dozi kidogo kwanza, kwa kuwa sasa itafanya kazi kweli.

Vijana wembamba ni suala jingine. Utafiti wa 2025 wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini uliwachunguza watu 894 waliotambuliwa kuwa na aina ya 1 wakiwa vijana. Takriban asilimia 65 hawakuwa na kingamwili zinazotambulisha ugonjwa huo. Mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua aina ya 5, inayohusishwa na utapiamlo wa tangu utotoni. Haya yanakuhusuje? Kijana mwembamba mwenye sukari ya 25 abaki kwenye insulini, hilo halijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba anayeanguka mara kwa mara kwa dozi ndogo, na ambaye hajawahi kupata ketoni hata alipokosa sindano, anastahili barua ya rufaa kwenda hospitali kama ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu au ya Moi kule Eldoret ili aina yake ikaguliwe upya.

Hatua ya 6: Sahani na uzito

Usimkataze ugali, hatakusikia. Punguza mlima hadi ukubwa wa ngumi yake, ongeza mboga (osuga, mrenda, sukuma) hadi nusu ya sahani, na omena au maharagwe yajaze iliyobaki. Chai ya sukari ikiondoka, wengine hushuka bila kugusa kitu kingine. Utafiti mdogo wa New Zealand wa 2016 uligundua kuwa kutembea dakika 10 baada ya kila mlo kulishusha sukari ya baada ya kula kuliko kutembea dakika 30 kwa mkupuo. Usiku, azunguke ndani ya boma au ploti. Sitamwambia mtu wa Nyalenda atoke barabarani saa tatu.

Anayefaa mpango mkali kama wa DiRECT, anza kwa kusimamisha glibenklamaidi, upunguze dawa za presha kwa uangalizi, na umwone kila wiki. Ongea pia na familia. Huku kwetu kukonda kumebeba fununu ya ukimwi ya miaka ya tisini, na nimeona wanaofanya vizuri wakiacha kwa sababu majirani wameanza kunong'ona. Mume au binti akijua mpango, maneno hupungua makali.

Sindano za semaglutidi ni dawa ya kweli. Katika utafiti wa STEP 1 wa 2021, watu walipunguza wastani wa asilimia 14.9 ya uzito kwa wiki 68. Walipoacha, ndani ya mwaka walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka kuanza ni kama ataweza kuinunua mwaka wa tatu. La pili ni anainunua wapi: Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Juni 2024 kuhusu semaglutidi bandia. Anayeuziwa kupitia ujumbe wa simu aachane nayo.

Hatua ya 7: Ya kuacha

Acha kuagiza kipimo cha vitamini D kwa mtu mzima mwenye afya. Mwongozo wa 2024 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, haukipendekezi. Anayemeza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini aviache siku mbili kabla ya kupima tezi ya shingo, maana vinaweza kuleta jibu la uongo. Levothairoksini, dawa ya tezi hiyo, imezwe kwa maji matupu, nusu saa kabla ya chai, mbali na vidonge vya damu.

Hatua ya 8: Badilisha kitu kimoja, kisha hesabu

Chagua badiliko moja kwa robo mwaka. Ningeanza na metfomini kwa walio kwenye dolutegraviri: haligharimu kitu na linaonekana kwenye kadi. Baada ya miezi mitatu, chomoa kadi 20 bila kuchagua, uhesabu ngapi zimerekebishwa. Kama ni chache, usiitishe semina. Bandika karatasi kwenye meza ya kutolea dawa.

Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wana mashine za sukari kwenye mikoba yao, basi wapeni namba za kushika. Chini ya 4.0 na mgonjwa yuko macho: vijiko vitatu hadi vinne vidogo vya sukari kwenye maji, wasubiri dakika 15, wapime tena, kisha ale. Aliyezimia hapewi kitu mdomoni. Ni gari mara moja. Zaidi ya 15 pamoja na kutapika au kuhema kwa nguvu: hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa matanga. Na aliyeshuka kwa sababu ya glibenklamaidi asiachwe alale baada ya soda moja, kwani dawa hiyo humshusha tena saa kadhaa baadaye. Alazwe, apimwe usiku kucha.